Nyimbo za Kijapani za machipuko: zichague kwa tarehe, usidanganywe na neno "sakura"

Mwezi wa 4, mwaka wangu wa kwanza Japani, nilialikwa kwenye karamu ya kuwapokea wanafunzi wapya. Nikaombwa niimbe. Kichwani nilikuwa na wimbo mmoja tu niliouhifadhi mwanzo hadi mwisho, "Nagori Yuki", na kwa kuwa ndani yake mna neno haru, yaani machipuko, nikaona ndio wenyewe. Nikauimba wote, macho nimefumba. Makofi yalikuja, lakini ya adabu. Mzee aliyekaa kando yangu akanimiminia chai, akaniambia kwa upole, "Umeimba vizuri, mwanangu. Ila huo tunamsindikizia mtu stesheni."

Na ni kweli. "Nagori Yuki" ni wimbo wa msichana anayeondoka Tokyo kwa treni, huku theluji ya mwisho ikimdondokea mpenzi wake aliyebaki jukwaani. Niliwaimbia kwaheri watu waliokuwa ndio kwanza wamefika.

Tangu siku hiyo nyimbo za machipuko nazipanga kwa kalenda. Mwongozo huu ni kwa mwenye kutaka kufanya hivyo: mwalimu wa kwaya, mwanafunzi wa Kijapani anayeandaa tamasha la darasa, aliyealikwa karaoke na wafanyakazi wenzake, au anayetaka tu orodha nzuri ya kusikiliza nyumbani.

Hatua ya 1: Kalenda kwanza, nyimbo baadaye

Kwetu pwani mwaka unagawanywa na mvua na pepo, kwa hiyo neno "machipuko" tunalijua zaidi vitabuni. Usilitafsiri haru kuwa masika ukadhani umemaliza. Kwa kalenda ya jadi ya Japani, machipuko huanza siku ya Risshun, tarehe 4 Februari au karibu yake, wakati Tokyo bado inatetemeka kwa baridi. Huisha mwanzoni mwa Mei, majani yakiwa yamejaa. Ni miezi mitatu, na ndani yake hali ya watu hugeuka mara kadhaa.

Kumbuka pia kwamba mwaka wa shule na mwaka wa fedha Japani huisha tarehe 31 Machi na kuanza tarehe 1 Aprili. Mahafali ni Machi. Kuingia shule mpya, kazi mpya, mji mpya, ni Aprili. Sakura, maua ya mcheri, huchanua hapo katikati kabisa, Tokyo kwa kawaida wiki ya mwisho ya Machi, na ndiyo maana ua lilelile huliliwa na mmoja na kushangiliwa na mwingine ndani ya siku kumi.

Halafu tazama mahali. Sakura haichanui nchi nzima kwa pamoja. Huanzia kusini na kupanda kaskazini, na Wajapani huuita mwendo huo sakura zensen, mstari wa mbele wa sakura, kama wa jeshi. Kyushu na Shikoku huchanua Machi inapoelekea kuisha, na Hokkaido husubiri mpaka mwisho wa Aprili au Mei. Tokyo, watu wa idara ya hali ya hewa huenda kuutazama mti mmoja maalumu ulioko hekalu la Yasukuni. Yakionekana maua matano au sita, hutangaza kwamba sakura imefunguka. Yakifika asilimia 80, ndiyo mankai, kuchanua kote. Baada ya hapo upepo mmoja na mvua moja vinatosha kumaliza kila kitu. Kwa hiyo ukiandaa nyimbo kwa ajili ya watu wa Sapporo, huko Hokkaido, usitumie tarehe za Tokyo.

Hatua ya 2: Februari, weka nyimbo za kungoja

Hapa sakura hazijulikani ziko wapi. Kinachochanua ni ume, mti wa jamii ya plamu, maua madogo yenye harufu, mara nyingine theluji ikiwa bado matawini. Nyimbo za wakati huu ni za mtu aliyeambiwa "umefika" halafu akitoka nje anakuta baridi.

Wa kwanza kwangu ni "Soshunfu", wa mwaka 1913, maneno ya Yoshimaru Kazumasa na muziki wa Nakada Akira. Unasema machipuko ni jina tu, upepo bado ni baridi, na ndege anayepaswa kuimba anaona muda haujafika. Una mapigo sita, unabembea taratibu, na unaifaa sana sauti ya soprano yenye pumzi ndefu. Si wimbo wa kuanzia kama kwaya yako ni changa.

Wa pili ni "Haru yo, Koi" wa Yumi Matsutoya, wa mwaka 1994, uliotungiwa tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, yenye jina hilohilo. Maana yake ni "njoo, ewe machipuko". Kuna wimbo mwingine wa watoto wenye jina hilo, wa miaka ya 1920, kuhusu mtoto mdogo anayetamani kutoka nje kucheza. Ukitafuta kwenye simu angalia usichukue usioutaka. Huu wa Matsutoya una kinanda kinachojirudia kama matone ya mvua, na maneno yake ni ya Kijapani cha zamani kidogo. Ndiyo maana hata Wajapani wenyewe huuimba kwa heshima fulani.

Tarehe 3 Machi ni Hinamatsuri, sikukuu ya watoto wa kike, na wimbo wake ni "Ureshii Hinamatsuri" wa mwaka 1936. Jina linasema "Hinamatsuri ya furaha", lakini sauti yake ni ya huzuni, ile ngazi ya minor tunayoizoea kwenye nyimbo za msiba. Usishtuke, na usiiharakishe ili ichangamke. Watoto huiimba hivyohivyo huku wakila peremende.

Hatua ya 3: Machi, agana kwanza

Hapa ndipo nilipoharibu, basi nitakaa kidogo.

Nyimbo za kuagana Japani ni ukoo mzima, na zina umri tofauti. Mkongwe ni "Hotaru no Hikari", "mwanga wa vimulimuli", ulioingia kwenye vitabu vya shule mwaka 1881. Sauti yake ni ya wimbo wa Uskoti ambao Waingereza huimba usiku wa mwaka mpya, lakini maneno ya Kijapani yanamsimulia mwanafunzi maskini aliyesoma usiku kwa mwanga wa vimulimuli na wa theluji, kisa kilichotoka China. Onyo moja: kuna muziki wa sauti hiyohiyo kwa mapigo matatu, unaoitwa "Wakare no Warutsu", ambao maduka na maktaba hupiga wakati wa kufunga. Ukiupiga kwenye hafla yako, Wajapani watachukua makoti yao bila kujua kwa nini.

"Aogeba Toutoshi" wa mwaka 1884 ni wa kuwashukuru walimu. Lugha yake ni ngumu, na shule nyingi sasa zimeuacha. Uliochukua nafasi yake umetoka mahali pasipotarajiwa: "Tabidachi no Hi ni", yaani "siku ya kuanza safari", ulitungwa mwaka 1991 katika shule moja ya sekondari ya chini mjini Chichibu, mkoa wa Saitama. Mwalimu mkuu aliandika maneno, mwalimu wa muziki akatia sauti, na walimu wenyewe wakawaimbia wanafunzi waliokuwa wakimaliza, kama zawadi ya kushtukiza. Ulikusudiwa kuimbwa mara moja tu. Leo ni vigumu kumpata kijana wa Kijapani asiyeujua. Kama una kwaya ya sauti tatu au nne na unataka wimbo mmoja tu wa mahafali, chukua huu na uache mengine. Unaanza chini, karibu kama mazungumzo, halafu unapanda, na sauti za kiume na za kike hupokezana kabla ya kukutana.

Kwa wanaopenda bendi, kuna "3-gatsu 9-ka" wa Remioromen, uliotoka tarehe 9 Machi 2004. Jina ni tarehe yenyewe. Tatu na tisa kwa Kijapani husomeka san na kyu, na ukizitamka pamoja unapata lile neno la Kiingereza la kushukuru jinsi Wajapani wanavyolisema. Mwanzoni ulitungwa kwa ajili ya harusi ya rafiki yao, kisha mwaka 2005 ukaimbwa katika tamthilia moja ya televisheni na wanafunzi wakaufanya wao. Kwa hiyo unaweza kuupiga mahafali na harusini, na ni nadra kupata wimbo wa hivyo.

"Nagori Yuki" nao mahali pake ni hapa. Uliandikwa na Shozo Ise, ukaimbwa na kundi la Kaguyahime mwaka 1974, na Iruka akaurudia mwaka uliofuata na kuupeleka kila nyumba. Uimbe Machi. Usiuimbe Aprili. Mimi nimeshauimba kwa niaba yetu sote.

Tarehe 11 Machi ina uzito wake peke yake. Ni siku ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011 kaskazini mashariki mwa Japani. "Hana wa Saku", yaani "maua yatachanua", ulitolewa mwaka 2012 kwa ajili ya kusaidia maeneo yale. Muziki ni wa Yoko Kanno, maneno ya Shunji Iwai, wote wenyeji wa mkoa wa Miyagi. Maneno yake yanasikika kama ya aliyekufa akiwatakia heri waliobaki. Jina lake limejaa maua, lakini usiutie kwenye orodha ya karamu.

Hatua ya 4: Jifunze "Sakura Sakura" kwa sol-fa

Huu ndio wimbo wa machipuko ambao kila kwaya ya wageni huimba, na nyingi huukosea kwa njia moja: zinauimba kama maombolezo. Sauti yake inawadanganya. Maneno yake ni mwaliko tu: anga la mwezi wa Yayoi, maua mpaka upeo wa macho, je, ni ukungu au ni mawingu? Harufu inatoka, haya twende, haya twende, tukaone. Yayoi ni mwezi wa tatu wa kalenda ya zamani, ambao kwa kalenda ya sasa huangukia kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei.

Asili yake ni wimbo wa kuwafundishia wanaoanza koto, ala ya nyuzi 13, enzi za Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19. Mwaka 1888 ulichapishwa Tokyo katika kitabu cha nyimbo za koto, na toka hapo ukasambaa.

Wanakwaya wa Afrika Mashariki tuliokulia kwenye sol-fa tuna bahati, kwa sababu wimbo huu unatumia nota tano tu: mi, fa, la, ti na do. Re hamna. So hamna. Kukosekana kwa hizo mbili, na ule ujirani wa mi na fa, ti na do, ndiko kunakoleta ladha yake. Baa ziko 14, kila moja mapigo manne. Hivi ndivyo unavyokwenda (alama ya juu ni do ya juu, mkato ni ti ya chini):

Sa-ku-ra: l l t
sa-ku-ra: l l t
ya-yo-i no: l t d' t
so-ra wa: l tl f
mi-wa-ta-su: m d m f
ka-gi-ri: m md t,
ka-su-mi ka: l t d' t
ku-mo ka: l tl f
ni-o-i zo: m d m f
i-zu-ru: m md t,
i-za-ya: l l t
i-za-ya: l l t
mi ni yu-ka: m f tl f
n: m

Penye silabi tatu, ya mwisho huvutwa mapigo mawili. Herufi mbili zilizoshikana, kama tl, hugawana pigo moja. Mwisho wa wimbo hautui kwenye la wala do, unatua kwenye mi, na mwanakwaya aliyezoea nyimbo za kanisani atahisi kama amening'inizwa hewani. Mwache aning'inie. Usimwongezee sauti za "amina" chini yake ili kumtuliza. Nimewahi kusikia kwaya ikifanya hivyo na wimbo ukafa palepale.

Ukianza kufundisha, waimbishe mstari wa "miwatasu kagiri" kwanza, kwa sababu ndio unaoshuka mpaka ti ya chini na ndio unaopotea. Sauti ya pili si lazima. Umoja mmoja wa sauti, na labda gitaa au kinanda kinachodonoa nota mojamoja kama koto, vinatosha.

Ukikuta maneno mengine yanayoanza kwa kutaja mashamba, milima na vijiji, usidhani umeletewa wimbo bandia. Hayo yaliingizwa kwenye kitabu cha shule mwaka 1941. Ya zamani ndiyo ninayoyapenda.

Hatua ya 5: Weka ulimi sawa

Msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa kuliko anavyodhani. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, karibu sawasawa na zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Mwingereza hupambana wiki nzima kutamka "kasumi ka kumo ka". Mtoto wa Tanga atayasoma mara ya kwanza na yatakuwa mazuri. Na wenzetu wanaochanganya r na l hapa hawana kosa, kwa sababu Kijapani kina sauti moja tu iliyoko katikati ya hizo mbili.

Jambo la pili lilinichukua muda kuling'amua. Tazama nota ya mwisho ya "Sakura Sakura": imekabidhiwa herufi n peke yake. Kwa Kijapani n ya mwisho wa silabi huhesabiwa pigo zima. Kwaya za Ulaya huona ajabu. Sisi tuna m ya "mtu" na n ya "nchi", zote zinasimama peke yake bila irabu, na tunaziimba kila Jumapili bila kuwaza. Ziba midomo au uinue ulimi, uache sauti ivume puani. Ndiyo hiyo.

Penye mitego ni pachache. Kwanza mkazo: sisi husisitiza silabi ya pili kutoka mwisho, sa-KU-ra, nao hawana mkazo wa nguvu namna hiyo. Kila silabi uipe uzito sawa, kama anayehesabu shanga. Pili urefu wa irabu. Obasan ni shangazi au mama mdogo. Obaasan ni bibi. Tokyo katika wimbo ni mapigo manne, to-o-kyo-o, na hiyo kyo ni silabi moja kama "vya" ya vyakula. Tatu ni tsu, ambayo hatuna: tsuki ni mwezi wa angani, suki ni kupenda, na anayeimba suki penye tsuki atakuwa ametangaza mapenzi bila kukusudia. Gandisha ulimi nyuma ya meno kama unataka kusema t, kisha uachie s.

Hatua ya 6: Sakura za redioni, zitenganishe mojamoja

Kila machipuko wasanii wa Japani hutoa nyimbo za sakura, na nyingi zina jina hilohilo tupu, "Sakura". Ukiandika neno hilo kwenye simu yako utaletewa kumi, na orodha yako itakuwa mchanganyiko wa vilio na vicheko. Usichague kwa jina. Tafuta mstari mmoja: je, kuna anayeondoka?

"Sakura (Dokusho)" wa Naotaro Moriyama, wa mwaka 2003, yuko anayeondoka. Ni sauti ya mtu mmoja na piano, rafiki akimwambia rafiki kwamba watakutana tena chini ya mti huohuo. Uliingia sokoni kimyakimya ukapanda taratibu mpaka kileleni. Machi, bila wasiwasi.

"Sakurazaka" wa Masaharu Fukuyama, wa mwaka 2000, uliouza zaidi ya nakala milioni mbili, ni wa mapenzi yaliyopita. Jina ni la mteremko halisi wenye miti ya sakura katika kata ya Ota, Tokyo. Unafaa jioni, watu wachache, maua yakiwa yameanza kudondoka. Mchana wa kelele utaupoteza.

"Cherry" wa bendi ya Spitz, uliotoka Aprili 1996, hauna huzuni hiyo. Una kumbukumbu, ila miguu yake inatazama mbele. Huu ningeuimba ile siku ya karamu, laiti ningeujua. Na "Haru Ichiban" wa Candies, wa mwaka 1976, ni wa upepo wa kwanza mkali wa kusini unaovunja baridi: theluji inayeyuka, vua koti, tutoke. Wasichana watatu wanaimba na shangazi yeyote wa Kijapani aliye chumbani atasimama kucheza. Ukiwa karaoke na watu wa rika mbalimbali, huu ndio wa kuwaunganisha.

"Akai Suitopi" wa Seiko Matsuda, wa mwaka 1982, nauongeza kwa kujipendelea. Ni treni ya machipuko, mapenzi machanga, na mvulana mwenye aibu. Mtunzi wa sauti anaonekana kwa jina la Kureta Karuho. Huyo ni Yumi Matsutoya yuleyule wa hatua ya 2, amejificha.

Halafu kuna "Kitaguni no Haru" wa Masao Sen, wa mwaka 1977. Mtu wa kaskazini anafanya kazi mjini, mji usioonyesha majira, na anapata kifurushi kutoka kwa mama yake. Anawaza miti ya nyumbani na maua ya kobushi yanayochanua huko sasa hivi, na moyo unamwuliza kama arudi. Wimbo huu ulivuka bahari ukaimbwa sana China na Thailand. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa na miaka miwili sijarudi kwetu, na nilikuwa nimepokea dagaa na pilipili ya unga kutoka kwa mama, vimefungwa kwenye gazeti. Sihitaji kueleza zaidi kwa mtu yeyote anayesoma hapa akiwa Muscat au Minneapolis.

Hatua ya 7: Aprili, rudi kwenye nyimbo za shule

Ukiwa na watu wanaoanza jambo jipya, usihangaike na redio. Nyimbo za shule za mwanzo wa karne ya 20 ni fupi, zinaimbika na kila mtu anazijua.

"Haru ga Kita", wa mwaka 1910, unauliza machipuko yamefika wapi na kujibu: milimani, kijijini, na mashambani pia. Dakika moja umejifunza. "Haru no Ogawa", wa mwaka 1912, ni kijito kinachonong'ona kwa maua ya kandokando. Husimuliwa kwamba ni kijito cha Kohone, Shibuya, mjini Tokyo, ambacho leo kimefukiwa chini ya barabara. Watu wanaopita juu yake na mifuko ya maduka hawana habari. "Oborozukiyo", wa mwaka 1914, ni wa jioni: mashamba ya maua ya njano, jua limezama, mwezi una utandu. Kwangu ndio mzuri kuliko yote katika mwongozo huu, na una mapigo matatu yanayotembea bila haraka. Zote tatu maneno ni ya Takano Tatsuyuki na sauti ni za Okano Teiichi.

Kwa kwaya yenye sauti mbili chukua "Hana" wa Rentaro Taki, wa mwaka 1900, maneno ya Takeshima Hagoromo. Ni mto Sumida siku ya machipuko, mashua zinapanda na kushuka, na matone ya makasia yanatawanyika kama maua. Mwendo wake ni mwepesi na sauti ya pili ina kazi ya kweli, haifuati tu nyuma. Taki alifariki mwaka 1903 akiwa na miaka 23.

Nyimbo hizi za Taki, na za Takano na Okano, zimeshatoka kwenye haki za watunzi Japani. Unaweza kuzichapa, kuzipangia sauti upya, kuzitafsiri. Zile za redioni ni mali ya wenyewe, na mirabaha ya nyingi hukusanywa na shirika la JASRAC. Ukitaka kuzirekodi au kuziimba penye kiingilio, ulizia mapema.

Hatua ya 8: Panga, halafu punguza

Kwa onyesho la nusu saa, nyimbo saba zinatosha. Hii ndiyo ninayoitumia ikiwa tarehe iko kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili: "Soshunfu" kufungua, "Tabidachi no Hi ni", "Sakura Sakura" bila ala kisha mara ya pili na ala, "Hana", "Haru ga Kita" na watoto, "Cherry", na "Haru Ichiban" mwisho. Kuagana kunatangulia, kukaribisha kunafuata, kama mwaka wao unavyokwenda. Ikiwa ni mahafali, toa mbili za mwisho uweke "3-gatsu 9-ka".

Kama mnaimbia chini ya miti yenyewe, kwenye hanami, yaani mkusanyiko wa kutazama maua, punguzeni zaidi. Bustani nyingi zina masharti yake kuhusu vipaza sauti, na mkeka wa jirani uko hatua mbili. Gitaa moja na "Sakura Sakura" vitaitikiwa na mikeka mitatu. Nyimbo mbili, mkale.

Sakura zikishadondoka, ziondoe kwenye orodha hata kama unazipenda. Wimbo wa sakura tarehe 25 Aprili Tokyo ni kama kaswida ya kuukaribisha Ramadhani wiki ya Idi. Weka "Hanamizuki" wa Yo Hitoto, wa mwaka 2004, ambao ua lake huchanua wakati huo, na "Koinobori" kwa ajili ya tarehe 5 Mei, siku ya watoto, bendera za samaki zikipepea juu ya mapaa.

Wa kufungia ni "Chatsumi", wa mwaka 1912, wimbo wa wachumaji chai. Unataja usiku wa 88 tangu Risshun, ambao huangukia tarehe 2 Mei au karibu yake, na unasema wazi kwamba kiangazi kinakaribia. Huchezwa kwa makofi: wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja hupiga viganja vyake kisha kiganja cha mwenzake kwa mkato, na mwisho wa kila mstari mnagongana mikono miwili mara mbili. Anzeni polepole. Duru ya tatu ongezeni mwendo, na atakayekosa anakwenda kuchemsha chai.